Jino Langu Limo Ukutani

Mkwe wangu Zaituni ana ugonjwa wa chokaa. Ukikaribia tu mwezi wa Maulidi, huyo na ndoo, huyo na brashi, anapaka ukuta mpaka kuku wa jirani wakipita wanatoka weupe. Juzi alipomaliza ukuta wa mbele akaingia ndani akafukiza ubani, eti, "Nyumba itoe harufu ya watu, mama." Anasema hivyo pua ikiwa juu, kama mtu aliyesikia samaki wa jirani ameungua. Mimi nipo zangu barazani nachambua mchele. Harufu ya chokaa mbichi ikatoka huku, ya ubani ikatoka kule, zikakutana puani mwangu, na ulimi wangu, bila kuutuma, ukaenda mbele ya kinywa kutafuta pengo.

Pengo gani sasa? Siku hizi kinywa kizima ni pengo, ulimi unazurura humo kama ng'ombe uwanja wa mpira. Lakini ulikuwa unatafuta lile moja, la mbele chini, la utotoni. Nikaacha mchele. Nikamwita mjukuu wangu aje na kalamu, maana mimi shule niliisikia kengele yake tu kwa mbali, nikamwambia andika ninavyosema, usinitengenezee. Nanyi mliomfuata, kaeni vizuri.

Kwetu ni Mitole, huko juu mashambani. Hapa Masoko nililetwa na ndoa. Sisi Wangindo, na bibi yangu mzaa mama aliitwa Somoe, nami nikapewa jina lake, kwa hiyo sisi hatukuitana bibi na mjukuu, tuliitana somo. "Somo, lete maji." "Haya, somo." Alikuwa mrefu, mkavu, ana kaniki moja ya kazini na moja ya safari, na zote mbili zimepauka sawasawa. Sauti yake ilitoka puani akifurahi, na ikitoka tumboni ujue umekwisha. Mimi nilizijua zote. Nilikuwa naiga kila mtu. Nilimwiga mwalimu wa chuo cha Kurani anavyokohoa kabla ya kuchapa, nilimwiga padri aliyekuwa akipita na baiskeli kwenda kwa watu wake, anavyosema "wapendwa" kama ana muhogo wa moto kinywani, nilimwiga mjomba akiwa na njaa na mjomba akiwa ameshiba. Kwa kuiga huko nilipigwa na mwalimu, nikapigwa na mjomba, padri peke yake ndiye aliyecheka. Sikuacha. Mpaka leo sijaacha, muulizeni Zaituni.

Sasa, kabla yangu mama alizaa akazika, akazaa tena akazika. Sitaki kuwaliza, nasema tu ilivyokuwa. Nilipozaliwa mimi, bibi hakungoja kuona. Hata arobaini haijafika, akateremka peke yake mpaka Kisiwani, hapo ng'ambo ya maji, kwenye ule msikiti wa kale uliobomoka, akasimama ndani pamoja na popo, akaweka nadhiri. Maneno yake aliyarudia nyumbani mara nyingi, nikayajua kwa sauti ileile ya tumboni: "Ewe Mola, huyu niachie. Akikaa mpaka akang'oa jino la kwanza, nitamleta hapa aingie kwa miguu yake, na jino nitalitia ukutani, nifukize ubani, kabla jino jipya halijatokeza. Nimesema."

Msikie anavyomwambia Mungu "nimesema". Ndivyo alivyokuwa.

Watoto wenzangu jino likitoka walilirusha juu ya paa, wakaimba, wakasahau. Langu lilitoka nikiwa naguguna hindi la kuchoma, na kabla sijalitema bibi amekwisha nitia kidole kinywani. Alilisuuza, akalifunga kwenye pindo la kaniki yake ya safari, fundo la nguvu, hata kulala akalala nalo. Mama wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo limekaa mbele, na chakula kinamshinda. Alikuwa ananiita, ananifungua kinywa, ananipapasa ufizi kwa kidole kuona kama jino jipya linakuja, halafu ananiachia. Kwetu Mitole sote tuliamini hivi, hata wale wa padri kimoyomoyo: nadhiri isipotolewa, kile ulichopewa kinarudishwa. Mama alinitazama kama mtu anayetazama kitu cha kuazima. Na tumboni ana kingine. Mimi mtoto, nini nilijua? Nilijua kwamba ufizi wangu umeanza kuwa mgumu, na kwamba watu wazima wananiangalia kinywa kuliko wanavyoniangalia macho.

Ikabidi twende upesi. Tulitoka alfajiri, bibi na kapu lake kichwani, ndani mna chetezo, ubani, kibiriti na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, mimi nyuma nauliza maswali. Tulitembea, tukalala kwa ndugu, tukatembea tena, mpaka Nangurukuru tukapata lori la magunia ya ufuta. Mpaka leo nikisikia ufuta nasikia upepo masikioni. Tulipoteremka hapa Masoko nilikuwa mweupe kwa vumbi, bibi akanipangusa uso kwa mate, akaniambia, "Kule tunakokwenda somo, usiombe radhi kwa mtu yeyote. Hatukwenda kuiba."

Kwenye mashua ya kuvukia tulikaa na mama mmoja wa Kisiwani, buibui jipya, mwavuli, vidole vina hina mpaka kwenye kiungo. Sauti yake ilikuwa inateremka ngazi, taratibu, kama anaogopa kujikwaa. Alimtazama bibi kuanzia kichwani, akafika kwenye kaniki, akasimama hapohapo.

"Mwaenda kwa nani huko kwetu?"

"Msikitini," bibi akajibu.

"Msikiti upi? Ule wa kale?" Akafunga mwavuli ili acheke vizuri. "Ule ni wa wazee wetu sisi, Washirazi. Ule ulikuwa mji, bi, umezungushiwa kuta, una bandari, dhahabu yote ilipita pale. Nyie watu wa kaniki mna nini kule?"

"Nina miadi."

"Miadi! Na nani?"

"Na ukuta," bibi akasema, akageuka kutazama maji.

Yule mama akanisonya hata mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu. Mwenye mashua alicheka akasahau usukani, wimbi likatuingilia ubavuni, tukalowa wote, na kapu likalowa. Mwavuli pia, na hilo lilinifariji.

Nyie wa siku hizi mmezaliwa mnaona maghorofa kwenye simu. Mimi nilikuwa sijaona hata nyumba yenye kitu juu ya kitu. Tukashuka, mbele yetu ule mjengo wanaouita Gereza, umesimama ufukweni kifua mbele, madirisha wazi, ndani hamna mtu. Nyuma yake kuta, na nyuma ya kuta kuta nyingine, mizizi imezikumbatia kama inazizuia zisiende. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Jiwe lile la matumbawe na chokaa ya kale vikilowa vinatoa harufu, baridi, ya ndani ya mtungi, nikaivuta mpaka kichwa kikawa chepesi. Nikaweka kiganja ukutani, ukanikwaruza. Nikamwuliza bibi wenye nyumba wako wapi.

"Wametoka kidogo," akasema.

"Watarudi lini?"

"Hawakuaga. Twende."

Msikiti nao mnaujua, au kama hamjafika, aibu yenu. Nguzo kwa nguzo, nyingine zimesimama na nyingine zimelala, juu kuna makuba, mengine yametoboka mbingu inaonekana, mengine mazima, na ndani yake popo wanalalamika kama watu walioamshwa. Bibi alikuwa ameniambia njia nzima kwamba pale hapana mtu, alipokuja mara ya kwanza palikuwa na mbuzi tu. Sasa tunafika mlangoni, tumevua viatu, yaani bibi amevua, mimi sikuwa navyo, akatokea mtu.

Kaptula ya kaki imepigwa pasi inasimama yenyewe. Soksi mpaka magotini. Kofia ya kaki, mbele ina nembo ya bati inang'aa. Na rungu. Miaka ile ya karibu na uhuru walikuja wazungu kuchimbachimba pale kutafuta vya kale, nao wakaweka mlinzi. Huyo mlinzi sauti yake ilikuwa nene, anakata maneno kama anayepasua kuni: "Hakuna moto. Hakuna kugusa ukuta. Hakuna kuokota kitu. Kutazama tu, halafu kutoka."

Bibi akatua kapu. "Na shikamoo nayo hakuna?"

Kuni zikaanguka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi nina nadhiri humu ndani, baba, nimeiweka kabla hujaja wewe na soksi zako. Natia kitu kidogo ukutani, nafukiza ubani kidogo, naondoka na mashua."

"Haiwezekani, mama. Bwana mkubwa amekataza. Nikiruhusu nafukuzwa leo hii."

Bibi hakumbishia. Alichuchumaa palepale, akatoa chetezo, akatoa ubani, akatoa kibiriti. Kibiriti kililowa kwenye mashua. Akakwangua njiti, kichwa kikabaki kwenye kibiriti kama uji. Akakwangua nyingine, vilevile. Nilimwona mkono wake unapunguza nguvu, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu bibi nilikuwa sijawahi kumwona mkono ukipunguza nguvu. Nikapeleka ulimi kwenye pengo. Kulikuwa na kitu. Kidogo, kama ncha ya sindano, lakini kipo. Nikafunga kinywa nisionekane. Nilifikiri, basi, nimekwisha, narudishwa. Nilijiona narudishwa kama sufuria.

Moto pale ulikuwepo sehemu moja tu. Pembeni, nje ya ukuta, mlinzi alikuwa na mafiga yake, chungu cha maharage kinachemka. Anayekataza moto ndiye mwenye moto! Bibi akautazama ule moshi, akamtazama mwenyewe, akauliza kwa upole ambao mimi ulinitia mashaka:

"Baba, kwenu wapi?"

"Songea."

"Ukoo?"

"Ngonyani."

Wallahi sauti ya bibi ilitoka tumboni ikapanda yote puani. "Mngoni! Alhamdulillahi! Toka Mitole natembea najiuliza Mungu ameniwekea nani huko mbele, kumbe ameniwekea mtani wangu!" Na kabla yule mtu hajajua ashike rungu au ashike kichwa, bibi amekwisha mnyakua kofia na kunivika mimi. Ikaniangukia mpaka puani. Ilinuka jasho na mafuta ya nazi.

"Mama! Hiyo kofia ya serikali!"

"Ilikuwa ya serikali ilipokuwa kichwani kwako. Sasa mateka." Akaketi mlangoni, miguu amenyoosha, hakuna wa kupita. "Wazee wako walikuja na mikuki wakala kuku wa wazee wangu, wakala mtama, wakachoma na ghala, nchi nzima ikawa moshi. Leo wewe, mjukuu wao, ndiye wa kuniambia mimi hakuna moto?"

Wenzangu, mnajua utani. Mngindo na Mngoni ni watani, na mtani akikunyang'anya hukasiriki, akikutukana hushitaki. Ukitaka kitu chako unakikomboa. Lakini mtu anaweza kujifanya hajui, hasa akiwa amevaa soksi za kazini. Ngonyani alisimama. Nilimwona chini ya ukingo wa kofia, midomo imebana, anatafuta ule usemi wake wa kuni. Halafu ikamtoka:

"Na nyie Wangindo si mlikuwa mnakimbia hata panya akikohoa!"

Bibi akapiga makofi. Amejibu! Mtani akishajibu, amekwisha.

"Somo," bibi akaniambia, "msalimie mtani wako kwa sauti yake."

Hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Niliingia mpaka chini ya kuba moja zima, nikatoa kifua, nikabana kidevu, nikapasua kuni: "Hakuna moto! Hakuna kugusa! Kutazama tu, halafu kutoka!" Sikujua lile kuba lina tabia gani. Lilichukua sauti yangu likaizungusha, likaifanya nene, likaimwaga chini kubwa kuliko ya mtu mzima, na popo wote wakatoka kwa pamoja kama wametii amri. Ngonyani alishika nguzo akacheka mpaka machozi. Akaigusa nguzo yeye mwenyewe, aliyekataza. "Hata sauti mmeniibia," akasema. "Haya. Nikomboe kofia kwa kitu gani?"

"Kaa moja la moto," bibi akasema.

Akasita. Alitazama upande wa ufukweni, ambako bwana mkubwa alikuwa na hema lake. Kisha akaenda kwenye mafiga, akarudi na kaa kwenye kipande cha kifuu, analipuliza. Bibi akaingia ndani na chetezo, akalitia humo, akaweka ubani, moshi ukapanda mweupe, ukapita kati ya nguzo, ukakutana na ile harufu ya chokaa iliyolowa. Hapo ndipo zilipokutana, hizo mbili, ndani ya pua yangu, mara ya kwanza.

Bibi anafungua fundo la pindo, fundo limelowa, limekaza, anafungua kwa meno. Tukasikia mtu anakuja, kiatu kizito kwenye kokoto.

Bwana mkubwa. Mrefu, mwekundu, kofia pana, na Kiswahili chake kilikuwa na mifupa. Mnaniona ninavyofanya hapa? Shingo mbele hivi. "Ngonyani! Nini hii moshi?"

Ngonyani akawa amesimama wima, kichwa kitupu. "Mbu, bwana. Nafukuza mbu."

"Mbu? Mchana?"

"Wa hapa, bwana, hawachagui."

Yule mzungu akaingia. Akamwona bibi amechuchumaa na kaniki yake juu ya chetezo. Akaniona mimi katikati ya msikiti, tumbo wazi, kofia yenye nembo imenifunika mpaka puani. Akaniinamia. "Na hii askari ndogo? Inalinda nini?"

Hakuna aliyenifundisha. Bibi hakuniambia, na Ngonyani alikuwa anaomba ardhi ipasuke. Nilipiga saluti kwa mkono usio wenyewe, nikamtolea sauti yote, nalo lile kuba likaibeba: "Hakuna moto! Hakuna kugusa! Kutazama tu, halafu kutoka!" Na moshi wa ubani unapanda mgongoni mwangu.

Alinitazama. Alitazama moshi. Midomo yake ikatetemeka kidogo, akakohoa, sijui ni kikohozi cha moshi au kicheko. Akasema, "Sawa, askari," akatazama kila mahali alipoambiwa atazame, halafu akatoka. Mtii kuliko wote.

Miguu yake ilipopotea, Ngonyani alikaa chini kwenye nguzo iliyolala. Magoti yake yalikuwa yanagongana, ile kaptula ya pasi inatikisika. Nilifurahi sana kuyaona magoti yale. Nilikwenda nayo Mitole nikayaigiza kila nyumba, watu wakavunjika mbavu.

Fundo likafunguka. Bibi akatoa jino langu, dogo, la manjano kidogo, akaniita nionyeshe pengo, akaona ile ncha, nikajua ameiona. Sauti ikarudi tumboni. "Bado halijatokeza," akasema, "linachungulia tu." Halafu, badala ya kutia mwenyewe, akamgeukia Ngonyani na kumnyooshea jino kiganjani. "Tia wewe."

"Mimi tena, mama? Mimi ninayekataza kugusa ukuta?"

"Mkono wangu mimi una makaburi ya wajukuu. Mkono wa mtani hauna ubaya na mtoto wangu. Si ndiyo kazi yenu msibani, kufanya tusiyoweza wenyewe? Basi leo fanya ya uzima."

Ngonyani hakutania tena. Alilipokea kwa mikono miwili. Upande wa kibla, juu kidogo ya kichwa changu, palikuwa na ufa kati ya mawe mawili. Alilisukuma ndani kwa kidole mpaka kidole kikaishia, akaokota chokaa iliyomong'onyoka chini, akaitemea mate, akaziba. Akasema, "Kaa, mtani." Sijui alimwambia jino au mimi. Bibi aliomba dua, sote tukaitikia amin, na kofia nikamrudishia mwenyewe. Tulikula ming'oko yetu kwa maharage yake, wakitukanana mpaka mashua ikaita. Kwenye mashua yule mama wa mwavuli alikuwepo tena. Akauliza kwa sauti yake ya ngazi kama miadi ilitimia. Bibi akamjibu, "Wazee wenu wamekusalimu."

Mdogo wangu alizaliwa mwezi huohuo, akalia, akakaa. Sasa hivi ni mzee mwenye kiburi na shamba la korosho, ukimwambia umezaliwa kwa jino langu anakasirika.

Nilikuwa mtu mzima, tayari na wanangu, mume wangu amefukuzwa kazi bandarini kwa sababu ya neno moja tu alilomjibu mkubwa wake, na ndani hatuna unga, ndipo usiku mmoja nikayakumbuka magoti ya Ngonyani. Sikucheka. Nilielewa yalikuwa yanasema nini. Yule mtu, alivyotuambia tukila maharage yake, alikuwa na watoto Songea wanaokula kwa ile kofia. Aliipima ile kofia na mtoto asiyemjua, wa watu ambao wazee wake waliwachomea ghala, na bado akaenda kuleta kaa. Na niliuelewa utani wenyewe. Nikiwa mdogo nilidhani ni ruhusa ya kutukana tu. Kumbe ni watu waliotendeana mabaya yasiyosemeka, halafu wakaketi wakasema, haya, kuanzia leo tutanyang'anyana kofia.

Na bibi je? Nilikuwa nadhani bibi alishinda kwa ujeuri. Hapana, ujeuri alikuwa nao, alizaliwa nao, mimi nimeurithi na Zaituni anaujua. Lakini kumbukeni, siku nzima ile hakumwomba mtu ruhusa. Aliomba kaa la moto, hakuomba ruhusa. Angeomba ruhusa, angekuwa amekubali kwamba pale ana mwenyewe na yeye si mwenyewe.

Mwaka jana wajukuu walinipeleka Kisiwani, mimi na fimbo yangu, boti ya injini. Siku hizi kuna kijana wa kutembeza wageni, maneno anayamimina bila kituo, kama redio: "Karibuni sana, karibuni, huu ni urithi wa dunia, tafadhali msiguse ukuta." Nikawasikia wote ndani ya sauti yake, wa mwavuli na wa soksi na yule mwekundu. Wazee wetu sisi, bwana mkubwa amekataza, sasa dunia. Kila zama kuta zile zina mwenyewe mpya, na kila mwenyewe ananiambia mimi nisiguse.

Nilikwenda upande wa kibla. Ufa sikuuona. Ukuta umetengenezwa, wamepaka chokaa upya kwa utaratibu wa zamani, kijana akatueleza kwa fahari jinsi walivyoziba kila ufa ili ukuta ukae miaka mingine mingi. Nikaweka kiganja. Akaruka: "Bibi, bibi, samahani, usi—"

"Niache, baba," nikamwambia, kwa sauti ya tumboni, na haikuwa yangu, ilikuwa ya somo wangu. "Nasalimia."

Nilicheka mwenyewe njia nzima kurudi, wajukuu wanatazamana. Watu wameleta mafundi, wameleta mchanga, wamechoma chokaa, wamekaa juani siku nzima, kumbe wananihifadhia jino. Sasa liko ndani kabisa, halitoki. Basi yeyote atakayekuja kuniambia kuta zile hazinihusu, simbishii. Kwanza anitolee jino langu.